Kamba za Msiba

Mwaka niliopewa cheti cha mwanafunzi bora wa huduma kwa jamii ndio mwaka mama yangu alipotengwa na kitongoji chake. Mambo hayo mawili yalitokana na kazi moja, na kazi yenyewe niliiongoza mimi. Watu wakiniuliza habari za chuo huwa nawaambia nina shughuli. Leo sina shughuli.

Chuo chetu kilikuwa Mjimwema, Njombe mjini, na nyumbani kwetu ni pembeni kabisa upande wa Yakobi, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana, na mashamba ya viazi yanaanza kushika. Nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya huduma kwa jamii. Sikuchaguliwa kwa upole. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na sauti, siogopi walimu, na nilichoanza lazima nikimalize hata kama kila mtu amechoka. Wenzangu wengi waliingia klabu kwa ajili ya picha na cheti cha kuombea kazi, nami niliwadharau waziwazi. Mtu akichelewa Jumamosi nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamuuliza kama amekuja kusaidia au amekuja kutembea. Nilidhani huo ndio uongozi, na hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Shule ya msingi niliyosoma ilikuwa haina tena choo cha wasichana. Masika yalikibomoa, kuta zikaingia shimoni, na tangu hapo wasichana wakawa wanajisitiri kwenye miti ya misindano ya jirani. Wakubwa, siku zao zikifika, walibaki nyumbani. Hayo niliyapata kwa mama, ambaye nyumba yake inatazamana na uwanja wa shule. Nikapeleka hoja kwenye klabu kwamba tuchimbe choo kipya. Mlezi wa klabu, mwalimu mmoja aliyependa sana barua, akaniambia niandike barua. Nikaandika. Chuo kikatoa saruji na bati, sisi tukatoa mikono. Kilichokosekana ni vifaa vya kuchimbia. Majembe ya bustani ya chuo yalikuwa yamechakaa, na udongo wa kwetu mwezi wa nane ni mgumu, unapiga jembe linarudi.

Kila mtu wa kitongoji anajua vifaa vizuri viko wapi. Viko stoo ya kanisa: sululu mbili, mtaimbo mmoja, makoleo manne, na kamba mbili nene za katani. Mipini imepakwa rangi nyeupe ili mtu asijisahau akaenda navyo shambani. Hivyo ni vifaa vya msiba. Sululu na makoleo yanachimba kaburi, kamba zinashusha jeneza, kisha vinaoshwa na kurudishwa stoo. Hakuna anayeviazima kulimia kinyungu, bustani yake ya kiangazi kule bondeni, wala kuchimbia msingi wa nyumba, hata mwinjilisti mwenyewe haviazimi.

Nikamwendea mwenyekiti wa kitongoji. Yeye na marehemu baba yangu walipata kipaimara siku moja, kwa hiyo tangu utotoni nilimwita baba. Nilimkuta anachambua mbegu za viazi kwenye gunia lililotandikwa uani.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Habari za shule?"

Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Vile havitoki," akasema.

"Ni kwa ajili ya watoto wa hapa hapa, baba. Hatuendi kulima. Tunachimba choo tu."

"Ndiyo maana nasema havitoki. Choo."

Nikambana. Nikamuuliza mjukuu wake wa darasa la sita amekosa shule siku ngapi tangu masika. Hakupenda kuulizwa hivyo na mtoto wa kike, na mimi sikujali kama amependa. Alichambua viazi kadhaa zaidi, kisha akasema atanipa sululu, mtaimbo na makoleo, kwa heshima ya baba yangu, na kila jioni vitalala stoo.

"Na mtu akifa," akasema, "hata kama mwenzenu yuko shimoni, mnamtoa, mnaviosha, mnavirudisha. Siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Kamba hakunipa, na mimi sikuziomba. Nilizichukua mwenyewe siku ya tatu, shimo lilipozidi urefu wa mtu na udongo ukawa hautoki bila kuvutwa kwa ndoo. Mzee wa kanisa aliyetunza ufunguo alidhani nimeruhusiwa. Sikumwambia uongo. Nilinyamaza tu, akafungua.

Tulichimba wiki mbili. Sitadanganya, zilikuwa siku nzuri. Katibu wangu alikuwa kijana wa Makete, Mkinga kwa kabila, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akichimba kama analipwa wakati wengine wanatafuta kivuli. Wanawake wa kitongoji walituletea viazi vya kuchemsha. Wasichana wa shule walikuja kuchungulia shimo wakicheka. Alhamisi ya wiki ya pili tulifikia kina, fundi akasema inatosha, aje kujenga Jumatatu. Hapo kazi ya sululu na kamba ilikuwa imekwisha, na mtu mwenye akili zake angevirudisha jioni ile.

Lakini Jumamosi alikuwa anakuja mgeni rasmi. Mlezi alikuwa amemwandikia barua, mgeni akakubali, saa tatu kamili asubuhi. Alitaka kukuta kazi inaendelea, akapige sululu kidogo, apigwe picha na wanafunzi wakivuta ndoo. Mlezi akaniambia nihakikishe shimo linaonekana lina watu. Nikahakikisha. Vifaa vikalala shuleni Alhamisi, kwa mara ya kwanza.

Ijumaa asubuhi kengele ya kanisa ililia. Alikuwa amefariki mama yake mwenyekiti wa kitongoji, bibi mzee sana. Mazishi yakapangwa Jumamosi saa nane mchana.

Hapa watu huwa wananipa njia ya kutokea. Wanasema ulikuwa mtoto, wanasema chuo kinawasahaulisha vijana mila. Mimi nilikuwa najua. Nilizaliwa kwenye kitongoji kile, nilimwona baba yangu akishushwa kwa kamba zile zile. Nilikaa Ijumaa nzima nikipiga hesabu ya masaa: mgeni anakuja saa tatu, anaondoka saa nne, wachimbaji wa kaburi wanaanza saa nne, hakuna atakayeumia. Kama nchi hii imewahi kuwa na mgeni rasmi aliyefika saa tatu kamili, mimi sijamwona.

Saa mbili asubuhi katibu wangu alikuja nilipokuwa napanga viti.

"Mwenyekiti, kwa nini hivi vitu bado viko hapa?"

"Vinarudi saa nne."

"Kwetu Makete mtu hafanyi hivi."

"Hatuko Makete."

Alinitazama, akaenda kwenye lundo la udongo, akachukua majembe mawili ya chuo yaliyochakaa, akaondoka nayo begani kuelekea msibani. Nilimfokea mbele ya wote kwamba akiondoka asirudi kwenye klabu. Hakugeuka. Baadaye niliambiwa ndiye aliyeanza kukwangua nyasi mahali pa kaburi, yeye mtu wa mbali asiyemjua marehemu wala ndugu wa marehemu.

Saa nne walikuja wanaume wawili. Walivua kofia, wakanisalimu kwa adabu, wakasema wamefuata vifaa. Nikawaambia nusu saa tu. Walikaa chini ya ukuta wa darasa wakasubiri. Saa tano mlezi alipiga simu, akaambiwa mgeni ameshatoka Makambako. Saa sita akaambiwa hivyo hivyo. Mmoja wa wale wanaume akasimama.

"Dada, kule watu wamesimama tu. Tupe tu sululu moja."

Nikamwambia sululu mbili ndizo zinazohitajika kwenye picha. Nililisema neno hilo, picha, kwa mdomo wangu. Waliondoka, wakaenda kuazima kitongoji cha pili, wakapata sululu moja yenye mpini uliopasuka.

Mgeni alifika saa saba na robo. Alikuwa mcheshi, viatu vyake vinang'aa, akapiga sululu mara tatu na kuuliza sisi ni wa mwaka wa ngapi. Vijana wawili wakavuta ndoo ya udongo tuliokuwa tumeurudisha shimoni asubuhi ili wapate cha kuvuta. Akasema vijana kama hawa ndio taifa la kesho. Tukapiga makofi. Saa nane kasoro dakika kumi gari lake likaondoka, nami nikawaamuru wenzangu wabebe vifaa tukimbie.

Tulikuta jeneza uani limewekwa kwenye viti viwili na watu wamejaa mpaka barabarani. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni. Wanaume walichukua sululu na makoleo kutoka mikononi mwetu bila kututazama, wakachimba kwa kupokezana, na ilikuwa inakaribia saa kumi na moja walipomaliza. Baridi ya jioni ilikuwa imeshaanza kushuka. Wazee waliokuja kutoka Lugarawa na kwingine mbali walikuwa wamesimama muda wote huo.

Kisha mwenyekiti akaomba kamba. Nilizileta mimi mwenyewe. Zilikuwa zimelowa, zimeshika udongo wa shimo la choo katikati ya nyuzi, na kwenye ncha moja bado kulikuwa na waya wa kushikia ndoo. Alizishika, akazigeuza, akazitazama kwa makini. Kisha akazilaza kwenye nyasi, mbali na kaburi.

Wanawake waliokuwa mbele wakaelewa. Mmoja akafungua kitenge cha juu alichojifunga kiunoni, akampa mwanamume aliyekuwa karibu. Mwingine akafungua chake. Wakavisokota viwili viwili, wakavikaza, ili vishushe jeneza. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa pale tangu Ijumaa, amelala chini na wafiwa, amemenya viazi, amechota maji. Naye akafungua kitenge chake akakitoa. Mwanamume aliyekuwa anapokea alikishika, akamtazama mwenyekiti, kisha akamrudishia mama. Mama alijifunga upya pale pale mbele ya watu, na fundo lilimchukua muda. Walishusha jeneza kwa vitenge vya wengine.

Jumapili baada ya ibada kitongoji kilikaa. Mama hakuitwa. Aliletewa habari na jirani aliyesimama nje ya ua bila kuingia: asihudhurie msiba wala sherehe, unga wake wa rambirambi usipokelewe, akiwa na shida asipige kelele kwa maana hakuna atakayekuja. Yule mama mkubwa aliyenifundisha kusuka mikeka akaanza kupita njia ya mbali ili asikutane naye kisimani.

Nilipandwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikujielekeza kwangu. Kutenga mtu ni kinyume cha sheria, tulifundishwa hivyo chuoni, nilikuwa na daftari zima la haki za raia. Nikaandika barua ofisi ya kata, kurasa mbili, vifungu vimenyooka. Mtendaji akaenda kumwuliza mwenyekiti. Mwenyekiti akamjibu kwamba hakuna aliyetengwa, watu wana shughuli zao tu, na nani atamlazimisha mtu kwenda kumsalimu mwenzake? Baada ya hapo hata wale wachache waliokuwa wakimsalimu mama kwa kuibia wakaacha.

Nilipompelekea mama nakala ya barua ile aliisoma polepole, akaikunja.

"Umeshamaliza kunisaidia?" akauliza.

Choo kilijengwa. Fundi alikuja Jumatatu kama alivyosema, bati likapanda, milango minne, ndoo za maji, kila kitu. Wasichana walikitumia na mpaka leo wanakitumia. Hakuna hata mzazi mmoja aliyekataza mtoto wake. Siku za kwanza hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba kazi yangu waliipokea na mama yangu wakamkataa.

Wiki ya sita ya kutengwa kwake nilifika nyumbani Jumamosi mchana nikakuta sufuria kubwa ya harusi jikoni, imejaa makande, imefunikwa kwa jani la mgomba. Kwetu mtu akiwa na kazi kubwa ya shamba anaitisha mgowe: anapika, anawaalika majirani, wanakuja na majembe wanamaliza kazi siku moja, kisha wanakula wote. Vinyungu vya mama vilikuwa havijalimwa na maji ya bondeni yalikuwa yanazidi kupungua. Alikuwa amezunguka nyumba kumi na tano kuwaalika, akijua. Alisimama nje ya kila ua akasema anachotaka, akashukuru, akaondoka. Asubuhi ile alikaa na jembe kichwani mwa shamba mpaka jua lilipopanda juu, kisha akalima peke yake mistari miwili.

Akanipakulia sahani imejaa mpaka inamwagika.

"Kula. Kimepikwa kwa ajili ya watu kumi na watano."

Nikala. Akaongeza, nikala tena. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alikuwa anatazama mlangoni kila mtu alipopita barabarani, na niliona kwamba bado anawasubiri. Nililia juu ya sahani na hakuniambia ninyamaze. Ndipo nikaenda kwa mwenyekiti kuomba nafasi ya kusimama mbele ya kitongoji.

Walinipa Jumapili iliyofuata, uwanja wa shule. Katibu wangu wa zamani, yule wa Makete, alikuja bila kuitwa akakaa nyuma. Nilileta debe la mahindi na mzigo wa kuni kwa ajili ya msiba utakaofuata, kama inavyotakiwa. Kisha nikasimama, na kwa mazoea nikaanza:

"Ndugu mwenyekiti, ndugu wazee, wanakitongoji wenzangu, awali ya yote..."

"Hatujakuita utoe hotuba," mwenyekiti akasema.

Watu hawakucheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Nikabaki nimesimama, mikono sijui niiweke wapi.

"Nakuuliza neno moja," akaendelea. "Ulijua, au hukujua?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema sikujua, wangesema ni ujana, ni masomo, wangetikisa vichwa na kwenda kula. Nilimwona mama amekaa peke yake mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mzima kati yake na aliyemfuata.

"Nilijua, baba," nikasema. "Tangu Ijumaa. Nilitaka mgeni apate picha. Na kamba sikupewa, nilizichukua."

Mzee wa kanisa aliyenifungulia stoo akainamisha kichwa. Mwenyekiti akajipangusa macho, na mimi kwa mara ya kwanza nikafikiria kwamba yule bibi alikuwa mama yake.

"Mama yako arudi kwetu leo hii," akasema. "Hajakosa kitu. Wewe, mwanangu, kwanza tutakutazama."

Jioni ile wanawake watano walikuja nyumbani na majembe begani, ingawa ilikuwa Jumapili, wakayaacha ukutani ili Jumatatu waanzie pale pale. Walikaa jikoni wakacheka na mama kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipotaka kuingia kusaidia kupika, mama alitoka akanikuta mlangoni, akauvuta mlango nyuma yake.

"Nenda chuo. Usije hapa mpaka nikuite."

Nilidhani ni wiki mbili, au mwezi. Nilimaliza chuo, nikapata kazi Makambako, ofisi ya kushughulikia vikundi vya kina mama na vijana, kazi niliyoipata kwa sababu ya kile cheti. Ni mwendo wa saa moja tu kwa Coaster mpaka Njombe. Miaka minne imepita. Nampigia kila Jumapili, anauliza kama nimekula, anauliza baridi ya Makambako ikoje, nami nauliza nije lini, anasema bado. Nimemkasirikia mara nyingi kwa hilo. Nimekaa na simu mkononi nikimwambia kimyakimya mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi.

Mwezi uliopita nilikutana na mtu wa kwetu pale stendi ya Makambako, anapakia mbolea. Akanipa pole kwa mama kuugua. Sikujua anasema nini. Akashangaa, akanieleza: mama alianguka bondeni kwenye kinyungu, kifua kilimbana, wakambeba kwa machela mpaka barabarani wakipokezana, mwenyekiti mwenyewe akiwa wa mbele licha ya umri wake. Alilazwa siku tisa. Wanawake waligawana zamu za kulala naye na kumpikia. Sasa yuko nyumbani, anatembea.

Nilipiga simu nikiwa bado nimesimama pale pale kati ya magunia. Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia, mimi mtoto wake wa pekee, hata simu moja.

"Walitaka kukupigia," mama akasema. "Mimi ndiye niliyewakataza."

"Kwa nini, mama?"

Alikohoa kidogo.

"Watu walikuwepo, mwanangu. Walikuwa wanajua cha kufanya. Ungekuja, ungeanza kuwapanga."

Wakati anasema hivyo nilikuwa nimeshatoa kalamu, na nyuma ya risiti nilikuwa nimeanza kuandika nani atampeleka kliniki Jumatatu.